Turubai Ng'ambo ya Maji

Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu. Baba watoto aliinunua kwa fundi mmoja Kalasinga pale Kitale, na mlango wa upande wangu ulifungwa kwa kamba ya katani. Nilimwambia haitatufikisha hata Nakuru, sembuse pwani. Akanijibu kwamba wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi mpaka Uhabeshi, na huko hakukuwa na mwanamke wa kumhesabia mashimo. Basi nikanyamaza, kwa muda wa maili mbili hivi.

Safari ilikuwa na sababu. Binti yetu wa kwanza alikuwa ameolewa na kijana wa kwetu, wa upande wa Kamukuywa, karani wa serikali, na serikali ikamhamishia pwani, karibu na Malindi. Huko binti yangu alizaa mara mbili, na mara mbili akazika. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Barua yake ilikuwa fupi: mara zile mbili nilikuwa peke yangu, mama, safari hii usiniache. Niliisoma jikoni, na watoto walipoingia nikasingizia moshi.

Kwenda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kulala. Kwetu Bukusu mzazi halali katika nyumba ya binti yake aliyeolewa. Tena mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni wala hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Watu wa nje huona ni chuki. Si chuki, ni heshima, na mimi niliilinda kuliko wengi. Lakini pwani hatukuwa na ndugu wa kutupa hata kona ya kulaza ubavu. Baba watoto akasema turubai lipo, lile la jeshi tulilofunikia mahindi.

"Tutalala kwa Mungu," akasema. "Huko hakuna mkwe."

Tukapakia unga, sufuria mbili, majani ya chai, mablanketi na jembe la kuchimbia choo, tukaondoka.

Alikuwa na sheria zake za kuchagua mahali pa kulala. Maji yawe karibu, nyumba ya mzungu isionekane, na pua ya gari ielekee barabarani. Jua likianza kushuka alipunguza mwendo akachungulia vichaka kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Timboroa tulilala nyuma ya gari tukiwa tumevaa kila nguo tuliyokuwa nayo, na asubuhi turubai lilikuwa gumu kwa baridi. Karibu na Naivasha tulipika ugali kando ya barabara, na mchungaji mmoja asiyejua neno letu hata moja akakaa akala nasi, akatuachia maziwa, akaenda zake. Tulipopita Mtito Andei tulikuta mavi ya ndovu katikati ya njia, bado yanafuka. Baba watoto akasema haogopi, ila leo angependa tulale tumekaa ndani ya gari, kwa sababu ya mgongo wake. Mgongo huo sikuwa nimewahi kuusikia.

Naona haya kidogo kulisema, lakini nilikuwa na furaha. Miaka ishirini na zaidi ya ndoa, na hatukuwahi kuwa peke yetu siku nzima. Nyumbani kulikuwa na kinu cha kusaga, watoto, mama yake, wageni. Barabarani tulikuwa wawili tu. Aligundua kwamba ninaimba ninapokoroga ugali. Mimi niligundua kwamba huongea na gari, kwa upole ambao hajawahi kuongea nao na mimi.

Tulipofika pwani alishuka akaenda moja kwa moja baharini, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Si nilikuambia? Chumvi kweli!"

Kutoka Mombasa tulikwenda polepole kufuata pwani kuelekea kaskazini, siku mbili, tukilala chini ya mivinje, upepo ukisuguasugua majani yake juu yetu. Mtwapa na Kilifi tulivuka kwa pantoni, na wanaume walioivuta waliimba huku wakikanyaga mbao kwa miguu. Baba watoto aliwasaidia kuvuta bila kuombwa. Jioni yake kweli aliumwa mgongo.

Nyumba ya binti yangu ilikuwa juu kidogo ya ufuko. Alitupokea njiani, tumbo mbele, na nilipomkumbatia nilisikia mbavu zake. Mkwe wangu alikuwa nyuma ya nyumba, ametupa mgongo kama inavyopasa.

"Mwambieni mama amesalimiwa," aliuambia mnazi.

"Uambieni mnazi nimeitikia," nikasema, na binti yangu akacheka kwa mara ya kwanza.

Baba watoto alifikiria sana mahali pa kutandika turubai. Tukikaa karibu, alisema, huyu kijana atashinda akijificha vichakani kila akienda kazini. Kulikuwa na kijito cha bahari kilichoingia nchi kavu, na ng'ambo yake mivinje mizuri na njia ya gari. Kijito chenyewe kilikuwa mchanga na maji ya kulowesha vifundo vya miguu. Tukapiga kambi huko. Kila asubuhi nilivuka nikaenda kumkanda binti yangu miguu na kumpikia uji, na mume wake akishatoka kazini mimi nilirudi zangu ng'ambo.

Siku ya tano mama mmoja wa pale, aliyekuwa akiokota kombe, alisimama akatutazama.

"Mahali hapa si pema," alisema. "Bamvua yaja. Maji yatajaa hapo mwavukapo."

Baba watoto akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe bila wingu.

"Mvua iko wapi, mama? Haijanyesha hata tone. Hii maji itatoka wapi?"

Yule mama alimtazama kwa huruma, akaenda. Na mimi, nikiri tu, nilikuwa upande wa mume wangu. Tulikuwa watu wa mito. Mto Kuywa ukijaa ni kwa sababu mvua imenyesha Mlima Elgon, na kabla haujajaa unausikia ukinguruma. Tulidhani maji ya dunia yote yana tabia moja. Kwamba bahari hufuata mwezi, na kwamba wiki moja hujaa kidogo na nyingine hujaa mno, ndiyo hiyo bamvua, hakuna aliyetufundisha, na sisi hatukuuliza.

Siku ya nane springi ya gari ilikatika. Baba watoto akaenda nalo Malindi kwa fundi mchana, akiendesha taratibu kama amebeba mayai. Siku hiyo nilirudi kambini mapema, nikabaki nafua. Alasiri nilisikia mtu anaita. Ng'ambo alikuwa mkwe wangu, bado amevaa suruali yake ya ofisini, na katikati yetu kijito kilikuwa kimekuwa maji mapana, ya kijani, yasiyo na kelele yoyote. Jua linawaka, mbingu kavu.

"Mwambieni mama wakati umefika!" alipiga kelele. Hakukuwa na mtu wa kunieleza. Hakukuwa hata na mnazi.

Niliingia majini mpaka kiunoni, mchanga ukanikimbia chini ya miguu, nikarudi nyuma. Siwezi kuogelea. Njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu, ya gari, na gari lilikuwa Malindi. Niliona maneno ya ile barua mbele yangu, nikaanza kulia kwa hasira: hasira kwa baba watoto, kwa mbingu ile safi, na kwangu mwenyewe niliyechagua heshima ya mbali kuliko mtoto wangu.

Mkwe wangu alivua viatu. Akaingia, maji yakamfika kifuani, akaja uso ameuinamisha. Alipofika ukingoni alinipa mgongo, akachutama.

"Panda, mama," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kuniambia mimi mwenyewe.

Mimi si mtu mwembamba. Nilijitupia leso usoni, nikapanda. Alitoa mguno ambao nimemsamehe. Sikuona kitu, nilisikia tu maji yakipanda miguuni mwangu na pumzi yake, na yeye akirudia chini kwa chini, "Samahani mama, samahani mama," kila hatua. Nikamwambia anyamaze atembee. Baba watoto alipoambiwa baadaye, aliuliza kwanza kama kijana hakuumia.

Niliingia nyumba ile na matope yangu. Mkunga alikuwa ameshafika, na binti yangu alikuwa amegeukia ukuta. Niliposhika mkono wake alifungua macho.

"Umekuja," alisema.

"Nimeletwa," nikamjibu. "Haya, sukuma."

Haikuchukua muda mrefu. Mtoto alitoka mzima, mwekundu, msichana, kisha kukawa kimya kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, halafu akalia. Binti yangu alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, nasi tukalia pamoja naye.

Mkunga alinifungia mtoto kwenye leso, nikatoka naye hadi mlangoni. Mkwe wangu alikuwa amesimama uani, suruali inachuruzika maji, amenipa mgongo. Kilio alikuwa amekisikia. Lakini mara zile mbili pia alisikia kilio, na hakikudumu. Hakugeuka. Sijui ilikuwa heshima au ilikuwa hofu. Kwetu mama mkwe hatamki jina la mkwewe, hata akiwa ameunguliwa na nyumba. Nilimwita kwa jina lake, kwa sauti kubwa, nikamwambia ageuke ampokee binti yake.