Velodina ya Mzee Nukta

Jumapili, tarehe 9 Juni 2019, saa sita na dakika arobaini mchana, watu tisa walikuwa wameketi, au wamesimama kwa kukosa pa kuketi, katika sebule ya Mzee Nukta. Walikuwa yeye na mkewe. Mama mkwe wake, aliyepewa kiti chenye mto. Shemeji yake fundi wa televisheni, pamoja na mke wa fundi. Jirani mshona viatu na mkewe. Na wazee wawili waliofanya kazi naye katika kiwanda cha uchapaji, mmoja mpanga chapa, mwingine mfunga vitabu. Wote waliikodolea macho televisheni mpya ambayo ilikuwa bado haijawashwa, kwa sababu mwenye nyumba alitaka kwanza kusema maneno machache.

Jina la Nukta alilipata kiwandani. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa, mwenye rula na kalamu nyekundu. Kila ukurasa aliusoma mara mbili: kwanza kutoka juu kwenda chini kwa ajili ya maana, kisha kutoka herufi ya mwisho kurudi ya kwanza kwa ajili ya makosa. Alipostaafu aliacha mshahara tu, tabia akaondoka nayo. Alisahihisha kadi za harusi zilizokwisha kugawiwa. Alisahihisha maandishi ya chupa za dawa. Aliwahi kumrudishia mshona viatu barua ya rambirambi ikiwa na alama tatu nyekundu, kisha akashangaa kwa nini hawakusalimiana mwezi mzima.

Televisheni yake ya zamani ilikuwa Velodina, yenye mgongo kama kabati, na ilikuwa imemtumikia miaka ishirini na miwili. Ilikuwa na kasoro moja tu: baka jeusi, ukubwa wa kiganja, kwenye pembe ya chini upande wa kulia. Baka hilo halikumsumbua mpaka binti yake alipopata kazi ya ukalimani wa lugha ya alama katika taarifa ya habari ya saa saba mchana, na wenye kituo wakamweka katika kidirisha kidogo, pembe ya chini, upande wa kulia.

Kwa wiki tatu baba mtu aliona bega moja la mwanawe.

"Baba, leo uliniona?" binti aliuliza kwa simu.

"Nilikuona, mwanangu. Safi kabisa."

"Nilivaa rangi gani?"

"Rangi ya heshima."

Binti aliaga na kukata simu. Zamani mzee alitaka mtoto huyo arithi kalamu nyekundu, na mtoto alipochagua njia nyingine, yeye, katika siku yake ya ujinga, aliiita kazi hiyo "kupunga mikono". Sasa binti aliamini kwamba baba hatazami kwa kusudi. Hapo ndipo mzee alipokata shauri kununua televisheni.

Fundi alimshauri mapema. "Shemeji, chukua hizi za bei nafuu. Kioo kilekile, nyaya zilezile. Unalipia kibandiko tu."

"Kibandiko ndicho sahihi ya mtu. Mimi sinunui kitu ambacho jina lake limebuniwa juzi."

"Kwani la kwako alilibuni Adamu?"

"Hizo zenu hufa kabla ya mwaka."

"Nyingine hufa, sikatai. Sauti zake nazo mbovu, hilo nakubali. Lakini ikifa, kipuri ninacho dukani. Hayo majina yako makubwa yakifa, kipuri mpaka kiagizwe, na mteja anakuja kunitolea macho kila asubuhi."

Mzee alikataa kusindikizwa. Siku ya Alhamisi alivaa koti, akaenda dukani peke yake, na kati ya masanduku yaliyopangwa mpaka darini akaliona jina analolijua, kwa bei ambayo hakuitarajia. Akajipongeza. Alimuuliza muuzaji, "Ni hii yenyewe?" Muuzaji akajibu, "Ndiyo yenyewe, mzee," na hakudanganya hata kidogo, kwa kuwa kila kitu duniani ni chenyewe.

Jumamosi fundi alikuja kuifunga ukutani. Alitazama maandishi ya chini ya kioo, akamtazama shemeji yake, akafungua kinywa, akakifumba, akaendelea kukaza skrubu.

Basi, siku hiyo ya Jumapili, mzee alisafisha koo. "Ndugu zangu, kuna vitu, na kuna majina ya vitu. Wengi wetu hapa, sitaji mtu, hutafuta urahisi. Lakini jina lililojengwa kwa miaka..."

"Ve," alisema mama mkwe.

Bibi huyo alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini, katika darasa la watu wazima, na tangu hapo hakuacha andiko lolote lipite mbele yake bila kulisoma, silabi kwa silabi, kidole kikielekezwa.

"Ve... lo... ni... da."

"Velodina, Mama," mkwe alimsahihisha kwa adabu.

"Haya, baba. Nyie wasomi mnasoma mbio. Mimi naona lo, halafu ni, halafu da."

Mzee Nukta alitabasamu kama mtu anayemvumilia mkubwa wake. Akavaa miwani, akainama mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza akalisoma jina lile kama alivyosoma prufu maisha yake yote, kutoka mwisho. A. D. I. N.

Ilikuwa Velonida.

"Miaka thelathini na minane," alisema mpanga chapa polepole, akiionja kila silabi, "ulinirudishia kurasa zangu kwa ajili ya koma. Koma!"

Mfunga vitabu alilazimika kutoka nje kwenda kukohoa. Mke wa mshona viatu alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

"Na wewe ulijua?" mzee alimgeukia fundi.

"Tangu jana. Nilikuonea huruma, shemeji."

"Huruma hiyo ungeitumia jana!"

"Mume wangu," alisema mkewe, "zimebaki dakika mbili. Jiaibishe baadaye, sasa washa."

Iliwashwa. Picha ilikuwa angavu, ikawashangaza wote. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyetumbukia ndani ya debe. Msomaji wa habari akasalimu, na kwenye pembe, bila baka lolote, akatokea binti: kichwa, shingo, mabega. Hapo kioo kikaisha. Televisheni ilikuwa imeikuza picha kupita kiasi na kukata kingo zake, na mikono ya mkalimani ilikuwa imebaki nje.

Baka la kwanza mzee alipewa na miaka. Hili alikuwa amelinunua mwenyewe, akiwa amevaa koti.

"Rekebisha, shemeji! Rekebisha!"

Fundi alibonyeza rimoti. Ikatokea orodha ya Kiswahili ambacho hakikupata kuonwa na Mswahili. "Mipagalio," alisoma fundi. "Ugavu. Ukumbi wa Pisha... hiyo ya sauti, ya ukumbini, tuiache."

"Rudi!" alipiga kelele Mzee Nukta. "Si ukumbi, ni ukubwa! Ukubwa wa picha! Fungua hapo."

Ndani yake kulikuwa na maneno matatu: Kawada, Kuza, Kamali.

"Kamali! Bonyeza kamali!"

"Kamali, mkwe wangu?" alishtuka bibi. "Mbele yangu?"

"Kamili, Mama! Wamekusudia kamili!"

Picha ilisinyaa, ikakaa mahali pake, na mikono ikaingia. Miwili, vidole kumi. Mzee hakujua maana ya ishara hata moja, lakini alijua kutazama kazi inavyofanywa. Aliona mikono ile ikimfuata msomaji bila kubaki nyuma, ikitulia anapotulia, ikianza anapoanza. Na katika dakika ishirini hakuona mahali iliporudi kufuta.

Taarifa ilipokwisha, simu ililia.

"Baba, uliniona?"

"Blauzi ya kijani. Vifungo vitano, cha pili kutoka juu hakikufungwa."

"Baba!" Binti alicheka, kisha sauti ikamlegea. "Kumbe uliniona kweli."

"Nimekuona. Na lile neno langu la kupunga mikono nalifuta. Katika kazi yako sikuona kosa hata moja. Ingawa, kwa leo, ushahidi wangu juu ya makosa usiutegemee sana. Mama yako atakueleza."

Fundi alisubiri simu ikatike. "Kwa hiyo, shemeji, za bei nafuu zinafaa au hazifai?"

"Picha inafaa. Sauti ni ya debe. Kiswahili chake kinastahili kifungo. Uhai wake tutaujua mwakani. Nikinunua tena nitanunua hiihii, ila dukani nitakwenda na Mama, anisomee jina."

Mshona viatu na mkewe waliondoka saa nane. Mpanga chapa na mfunga vitabu waliondoka pamoja, wakirudiarudia jina lile barabarani. Mke wa fundi aliwahi zamu yake ya hospitali. Ilipofika saa tisa sebuleni walibaki wanne: bibi, fundi, na Mzee Nukta na mkewe.