Kiputo Ndani ya Mpira wa Fundi

Mwanangu, kuna siku ninayoikumbuka kila nishikapo mwiko. Nilikuwa msichana, najifunza uashi kwa Mzee Ombati hapa Marani, na kazi yenyewe ilikuwa nyumba ya mama yangu. Ile ya kwanza ilikuwa imepasuka ukuta toka pembeni hadi dirishani, naye, mjane, hakuwa na uwezo wa kujenga ya tatu.

Unaijua milima yetu. Jicho lililokulia mteremkoni halijui palipo sawa, ndiyo maana fundi hupima kwa mpira mrefu unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Maji ya ncha hii na ya ncha ile husimama usawa mmoja. Lakini hewa ikinaswa humo, maji husema uongo.

Siku hiyo hewa ilinaswa. Majirani walikuwa wameshachanganya zege ya msingi, na wingu jeusi limetufunika. Nikachukua penseli nitie alama hivyo hivyo.

"Wewe, ngoja," Mzee Ombati akasema. "Hii nyumba ni ya mama yako ama ni ya mvua?"

Akauinua mpira ukasimama wima. Ajabu ya Mungu, sijaona kitu kizuri namna ile! Kiputo kirefu kama kidole, kichwa mviringo, kilipanda polepole huku kitako kikitetemeka na vijiwimbi vikikimbia ubavuni mwake. Kilipotokea juu, nilipiga makofi.

"Bado," akasema. "Mkubwa ameenda. Sasa angalia watoto wake."

Kweli, mtetemo ule ulikuwa umeacha nyuma viputo vidogo kama punje za mtama. Mzee akaugongagonga mpira kwa kidole, akavingoja vitoke kimoja kimoja, mvua ikianza kutudondokea na majirani wakinung'unika. Nilimpenda sana kwa jinsi alivyokataa kukimbizwa. Zege tuliimwaga chini ya maturubai, tumelowa chapachapa.

Nyumba ilipokwisha, mama alimwaga kikombe cha maji sakafuni. Maji yakatulia pale pale, hayajui yaelekee wapi. Mama akalia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nakuambia, mwanangu: kosa kubwa likiisha kuondoka, usipige makofi upesi. Ngoja na madogo yaliyobaki nyuma yake yatoke, maana hayo pia hupinda nyumba.

Mungu akupe jicho la kutazama mpaka mwisho. Na siku utakayojenga yako, maji yakimwagika sakafuni, yakose pa kukimbilia.