Mbung'o Niliyempamba

Likizo ya Juni nilipelekwa kwa bibi, ng'ambo ya mto Pangani, eti nikatulie. Mwalimu wa nidhamu alikuwa amechoka nami, na mama alikuwa amechoka na mwalimu. Bibi ana kawaida ya kuniita mume wake, na mume huyo alipofika akapewa kazi siku hiyohiyo. Ng'ombe wake mmoja wa maziwa, mwenye ndama, alikuwa anakula na bado anakonda. Machozi yanamtiririka, manyoya yamesimama kama nywele zangu asubuhi.

Bwana mifugo ana vijiji vingi na pikipiki moja. Akasema kwa simu, "Nipigie picha ya hao nzi wanaomuuma, nijue dawa gani."

Kazi ndogo hiyo. Nikamtwanga mmoja kwa kandambili. Akabondeka, na mimi kazi mbaya sitoi: nikamlaza kwenye karatasi ya daftari, nikamnyoosha miguu, nikamfungua mabawa huku na huku kama ndege ya abiria. Nikatuma.

"Hao nzi wa zizi tu," akajibu. "Mpeni dawa ya minyoo."

Tukampa. Siku ya tisa ng'ombe akalala, hakuinuka tena. Bwana mifugo akaja mwenyewe, akachoma sindano, akatikisa kichwa. Nzi mmoja akatua kwenye suruali yake, akalaza bawa moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa.

"Mbung'o huyu, wa malale, si wa minyoo! Hujulikana kwa mabawa. Yale ya kwenye picha nani alikwambia uyafungue?"

Makorora nzima, mtaani kwetu, wanajua sikosi jibu. Nikaificha simu mfukoni.

Mjomba akaja mbio na kisu, amuwahi asife kibudu. Bwana mifugo akamzuia: keshachomwa dawa, nyama hailiki. Mjomba akabaki na kisu mkononi, ng'ombe akakata roho mbele yetu.

Bibi akaomba simu. Akaitazama picha weee.

"Umempamba vizuri," akasema. Neno "mume wangu" hakuliongeza. Akaenda kumfunga ndama, aliyekuwa bado anatafuta chuchu.

Nikachimba shimo mpaka viganja vikachunika. Kesho yake bwana mifugo akanituma zizi hadi zizi nikapige picha: nzi awe hai, ametua, nisimguse.

Mzee wa zizi la kwanza alikuwa hajapata habari. "Karibu, mpiga picha wa nzi! Ng'ombe wa bibi yako keshapona?"

"Mshike ng'ombe wako, babu," nikasema, "asitikisike."