Mchonga Funguo Asiyetaka Kutazamwa

Mchonga funguo hacheki na mteja. Ukirefusha shingo uone anavyochonga, anakunyooshea tupa usoni: "Geuka huko! Ufunguo wa mwenzio hautazamwi!" Noti huipapasa kwa kidole chenye sugu, huinusa, huiinua juani. Leo sauti laini kwenye simu ilimwita baba, ikadai akaunti ya duka inafungwa. Mtandao ulikuwa mbovu, basi akaitaja namba yake ya siri kwa kupayuka, tarakimu moja moja, mara mbili, nyuma ya wateja sita waliompa mgongo. Kufumba na kufumbua, akaunti ikabaki sifuri.

"Mwizi ananiita baba! Na nyie mmesimama hapa, hata mmoja hakunizuia?" Tupa ikagonga meza.

Jirani yake muuza ndoo, mmoja wa wale sita, akajibu bila kugeuka: "Si ulituambia tugeuke, baba?"