Miguu Nisiyoibonyeza

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa nilikabidhiwa kaptula mbili, daftari, na mizani ya ndoano, ileile iliyokuwa ikipimia ngozi sokoni. Nilitoka Lamu, kijana mwenye majivuno, dresa mpya. Dresa ndiye aliyefunga vidonda, akachoma sindano, na kutumwa popote daktari asipotaka kwenda.

Kazi yangu ilikuwa kukagua afya ya watoto wadogo katika manyata za wafugaji. Mizani tuliitundika kwenye tawi la mgunga, mtoto akatiwa kwenye mfuko wa turubai, nami nikasoma ratili zake. Aliyeandikwa dhaifu alipewa maziwa ya unga. Lo, siku za mwanzo akina mama walinijia juu! "Mtoto yangu si nyama ya kuuza!" Nikajifunza kutotaja uzito kwa sauti, maana waliogopa kijicho. Naandika kimya, nasema "Mashallah," basi wanaleta wengine. Asubuhi zile nazitamani hadi moyo unauma: vibuyu vilivyofukizwa moshi, kelele za ngamia, na wanawake wakinicheka Kisomali changu kibovu.

Karibu na Balambala aliletwa Halima, mtoto wa miaka miwili, mashavu mviringo. Uzito wake ulitosha, nikaandika "hajambo". Nyanya yake, tuliyemwita Ayeyo, akanivuta mkono. Mama yake Halima alikuwa mjamzito, mtoto ameachishwa ziwa, na ngamia wao walikuwa wamekauka maziwa.

"Dresa, angalia miguu. Hii si nyama. Hii maji."

"Ayeyo, mizani haidanganyi," nikamjibu, tena nacheka. Wakahama bila kopo la maziwa hata moja.

Wiki iliyofuata Bwana Mganga wa Wilaya alipitia daftari langu. Alikuwa Mzungu mfupi, mkali kama pilipili.

"Miguu ulibonyeza?"

"Hapana, bwana. Nilipima uzito."

"Maji nayo yana uzito, mpumbavu we! Mtoto akikosa chakula cha kujenga mwili huvimba. Bonyeza juu ya mguu. Kishimo kikibaki, huyo yuko hatarini, hata awe mzito vipi."

Nilibeba makopo ya maziwa, nikaazima ngamia, nikawafuata siku tatu upande wa Habaswein. Nilimkuta Ayeyo mbele ya kibanda. Alitazama makopo, kisha akanitazama mimi.

"Halima tumezika juzi," akasema.

Alinishika kidole gumba, akakiweka juu ya mguu wa dada yake Halima. "Bonyeza. Anza na huyu." Nikabonyeza huku nalia. Mguu ule ulikuwa mzima.

Baadaye nilihamishiwa Wajir, nikarudishwa Garissa, waganga wakuu wakaja na kuondoka. Kila mtoto nilianza naye miguuni, kisha mizani. Ayeyo alizoea kuniletea watoto wa ukoo wake, akiniita "dresa yangu ya Lamu", akinitania kwamba jua limenipika vizuri. Jina la Halima hakulitaja tena.

Sasa nimestaafu, naye Ayeyo alishatangulia mbele ya haki. Miaka yote ile niliogopa kumwuliza kama alinisamehe. Wallahi, ningekubali kulirudia vumbi lote lile, nipate tu kumwuliza.