Maji ya Kazi

Léonard Chomba alijua majani kuliko alivyojua watu, na mke wake Victorine hakuchoka kumkumbusha hilo. Miaka ishirini na minane alinywesha uwanja wa gofu wa Lubumbashi. Saa kumi na mbili asubuhi pompo inaanza kunguruma, mipira ya maji inatandazwa, na yale maduara ya majani mafupi wanayoyaita grini yanakunywa mpaka yanashiba. Kiangazi cha kule kinaanza mwezi wa tano, na mpaka wa kumi halidondoki hata tone. Mji mzima unakuwa rangi ya tofali. Uwanja wa Léonard tu ndio ulibaki kijani. Mtu akipita akausifu, alicheka mpaka magego yakaonekana, utadhani amesifiwa mtoto.

Baba yake, aliyetoka Mitwaba kuja kufanya kazi ya reli, alimwachia urithi mmoja tu: kazi njo baba, kazi njo mama, yaani kazi ndiyo baba na ndiyo mama. Cha kazi hakiguswi. Wenzake walibeba misumari, walibeba mazutu ya mashine, walibeba hata sabuni ya chooni. Léonard hakuvuka geti na kikombe kimoja cha maji ya pompo. Kumbe uaminifu nao unaweza kumla mtu, jamani.

Halafu ikaja pilaji. Askari walivunja maduka, raia wakamalizia mabaki, na wazungu wakaondoka kila mmoja na valizi yake. Musye Raoul, mkubwa wake, alimpa ufunguo wa nyumba ya pompo akiwa tayari ndani ya gari.

"Léonard, uchunge majani. Tutarudia."

Basi, hayo tu. Mshahara ulikatika mwezi uleule. Barua haikuja, salamu haikuja. Léonard akaendelea kunywesha uwanja usio na mchezaji hata mmoja. Unacheka? Mtaa wote ulicheka.

Mwaka uliofuata kiangazi kilibana kweli. Robine za mtaa zilikuwa zimekufa, hazitoi tone la maji tangu pilaji, kila nyumba ikawa inaishi kwa kisima chake cha uani. Mwezi wa nane Léonard aliongeza kamba ya ndoo. Mwezi wa tisa ndoo ikapanda na matope. Kisima cha jirani yao, Mama Nkandu, nacho kikakauka, na vya wengine wote waliokaa karibu na ukuta wa gofu.

"Baba Bénie," Victorine akamwambia, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali, "ile pompo yako njo inakunywa kisima yetu."

"Kisima yetu iko na mita nane. Pompo inashuka mita makumi sita. Haijuane."

"Basi leta bidoni moya. Moya tu! Miye naenda kuchota kule ku mto, na mule bantu banatupa kila kitu."

"Maji ya kazi iko ya kazi, Mama Bénie."

"Kazi gani? Bazungu balienda! Nani anakulipa? Majani?"

"Musye Raoul akirudia akute majani ilikufa, nitamuambia nini?"

"Na miye nikikufa, utamuambia nini?"

Alisema kwa utani, kama alivyokuwa akimtania siku zote, akachukua bidoni yake, dumu la njano, akashika njia ya mtoni. Léonard akaenda kunywesha.

Kolera ilimpiga Victorine Alhamisi. Ijumaa asubuhi Léonard alimfunga kwa kitenge nyuma ya baiskeli akamsukuma mpaka kwenye dispanseri, lakini seromu ya kumtundikia ilikuwa imekwisha. Siku zile kila kitu kilikuwa kimekwisha. Victorine aliomba maji. Kila alipopewa, yalitoka. Jumamosi, jua likichomoza, aliacha kuomba.

Wakamrudisha nyumbani. Kwao mwanamke akifa anaoshwa na wanawake, na anaoshwa kwa maji safi, si ya mtoni. Mama Nkandu akatoka chumbani na beseni tupu mikononi.

"Ba Léonard," akasema, "tutamuosha na nini?"

Léonard akamwangalia. Akaangalia beseni. Kisha akainuka, akachukua bidoni mbili, ile ya njano ikiwa mojawapo, akaenda kuwasha pompo. Maji yalitoka meupe, baridi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akavuka nayo geti, analia kwa sauti, wala hakujali nani anamwona. Ndiyo maji aliyooshwa nayo Victorine. Akiwa hai hakuwahi kuyaonja.

Walipomaliza kuzika, Léonard alifunga nyumba ya pompo na hakuifungua tena. Hakutaka kuusikia ule mngurumo. Kwa wiki moja tu grini zikawa njano, zikawa kahawia, halafu upepo ukaanza kubeba vumbi lake.

Siku ya kumi na mbili, mvua ikiwa bado haijaja hata kwa harufu, aliamka akafanya alichozoea kufanya kila asubuhi: akatupa ndoo kisimani. Alingoja isugue matope. Badala yake akasikia chubwi!

Akavuta. Maji. Ya ndoo ya kwanza yalikuwa na tope kidogo. Ya pili yalikuwa safi, hata kucha zake alizihesabu ndani yake. Mita nane na mita sitini zilikuwa zikijuana siku zote.

Lakini hilo lilikuwa bado halijamfikia. Furaha ndiyo iliyomfikia kwanza, furaha ya mtu aliyezoea kuwa na wa kumwambia habari njema.

"Mama Bénie!" akaita kwa nguvu. "Mama Bénie, kuya! Kuya uone! Maji inarudia!"

Upande wa pili wa ukuta Mama Nkandu aliacha kufagia. Alichungulia, akamwona Léonard amesimama na ndoo mkononi, anatabasamu, ameukazia macho mlango wa jiko, anangoja.