Hodi Tatu za Ami Haji

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani hata nikiwa na furushi la suruali begani. Nakuita mwanangu ingawa tumepishana miaka michache tu, maana mimi ni baba yako mdogo, na desturi haihesabu ndevu. Wewe umekuja Guangzhou kusoma chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo naandika polepole. Nawe soma polepole.

Shuleni kwetu alipita mwalimu aliyetufundisha besiboli, ule mchezo wa kurusha mpira mgumu na kuupiga kwa gongo. Nilikuwa mtoto wa haya, siwezi hata kumwomba jirani yangu kifutio, lakini mkono wangu ulikuwa na shabaha. Nilipokuja huku kumsaidia baba yako kufunga mizigo, mkono huo ndio ulionipatia watu. Laoban Huang, maana laoban ndivyo tunavyowaita mabosi wa huku, ana duka la jinzi pale Shisanhang, kwenye soko la nguo, na ana timu yake inayocheza ligi ya mtaani kila Jumapili. Alinichukua niwe mrushaji.

Mdakaji wangu alikuwa Ami Haji, mfanyabiashara wa Unguja mwenye umri wa kunizaa. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, kama mtu anayekuna nazi, ila mbuzi ya kukalia hana. Yeye ndiye anayemwonyesha mrushaji kwa vidole mpira aupeleke wapi. Mimi sikuwatazama wapigaji wala mashabiki. Nilivitazama vidole vya Ami Haji tu, na haya yangu ikakaa pembeni. Ila magoti yake yalikuwa yamechoka. Akinyanyuka, tulikuwa tukiyasikia.

"Ami, hayo ni magoti au mlango?" vijana walimtania.

"Mlango," alijibu. "Na nyote mmepitia humo."

Kila mwaka kabla ya ligi kuanza, Laoban husajili wachezaji upya. Mwaka ule alikuwa amempata mdakaji mwingine, kijana wa Foshan, mji wa jirani, mwenye mapaja kama magogo. Wazee walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Ami Haji akamwuliza Laoban uwanjani kama jina lake limo. Laoban akacheka, akampa chungwa. Akamwuliza tena wakati wa chakula, akamiminiwa chai. Mara ya tatu alimfuata dukani, mimi nikiwa napanga suruali.

"Mwaka huu yupo kijana," Laoban alimwambia kwa Kichina chetu cha sokoni. "Tutaona, Haji. Tutaona."

Ami Haji akaweka chini kikombe cha chai alichopewa. "Nimepiga hodi ya tatu," aliniambia mimi kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, akatoka.

Laoban alimtazama akishuka ngazi, akafurahi. "Unaona anavyojua biashara yule? Atarudi kabla sijafunga duka."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, mwanangu. Pale Shisanhang mnunuzi akitaka bei iteremke hageuzi maneno, hugeuza mgongo. Anaondoka polepole, muuzaji amwite, au arudi mwenyewe. Laoban amekulia katika mchezo huo. Alidhani Ami Haji anampima, naye akakaza, maana anayetaja masharti kwanza ndiye anayeshindwa. Lakini Ami Haji hakuwa ananunua kitu. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huenda zake, wala hana kinyongo. Kwa hiyo mmoja alikuwa anangoja, na mwenzake ameshaondoka.

Mazoezini kijana wa Foshan alijitahidi, lakini mipira yangu ilikwenda ilikotaka, huku na huko. Laoban alikuwa akiangalia getini kila mara. "Lao Haji ananibana kweli kweli," alisema. Lao ni kusema mzee, kwa heshima. Alikuwa anatabasamu bado, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa limeanza kuchakaa.

Siku moja kabla ya usajili kufungwa nilikwenda kula kwa Bi Asha, mama wa Kitanga anayewapikia wafanyabiashara chumbani kwake. Ndiye aliyenipa habari. Maboksi ya Ami Haji yanapelekwa bandarini Nansha kesho yake kupakiwa kwenye kontena, na mwenyewe anayafuata nyumbani.

"Anasema biashara ataiendesha kwa simu," Bi Asha alisema. "Kilichokuwa kikimweka huku ni huo mpira wenu."

Nikamweleza ya dukani. Akaacha kupakua.

"Na hayo umemwambia nani, Musa?"

"Sijamwambia mtu, Bi Asha. Mimi mdogo. Nitaingiaje maneno ya wakubwa?"

"Kumbe mdomo wako umeumbiwa wali tu! Kuona haya ni pambo, mwanangu, si kufuli. Watu wazima wawili wanapoteana mbele ya macho yako, nawe unatafuna? Mjumbe hauawi. Nenda!"

Nikasema nimalize kwanza kula. Akaiondoa sahani.

Nilimkuta Laoban dukani katikati ya msukosuko, vibarua wakipita na mikokoteni, wateja wakivuta suruali huku na huku. Nilisimama hadi akaniuliza kama naumwa. Ndipo nikasema, na sauti yangu mwenyewe niliisikia ikitoka kwa mbali.

"Laoban, Haji hakuwa anapandisha bei. Kwetu mtu hubisha mlangoni mara tatu. Asipojibiwa, huondoka. Maboksi yake yanakwenda Nansha kesho."

"Amekasirika sana?"

"Hajakasirika hata kidogo."

Laoban akakaa juu ya furushi. "Mtu akikasirika hurudi kugombana," alisema. "Huyu hatarudi." Akamwachia mkewe duka, katika saa ambayo hakuna mwenye akili anayeacha duka Shisanhang, akanishika mkono tukapanda metro, treni ya chini ya ardhi.

Ami Haji alikuwa chumbani kwake anabandika utepe wa gundi kwenye boksi la mwisho. Laoban aliingia akihema.

"Haji, nimefanya biashara mno. Mtu akinipa mgongo, mimi naona bei."

Ami Haji alimtazama, kisha akanitazama mimi, nikatazama sakafu. Halafu akacheka. "Leo basi mnunuzi ni wewe. Haya, taja."

"Mdakaji wa kwanza. Kama mwaka jana."

"Hapana," alisema Ami Haji. "Hiyo imezidi magoti yangu. Nitadaka Musa akirusha. Mechi nyingine adake kijana, nami nikae benchi nimfundishe. Hata ungeniambia hapana, Laoban, ningeipokea. Nilichotaka ni jibu."

Laoban alitoa fomu ya usajili mfukoni, imekunjamana kwa jasho, Ami Haji akaisaini juu ya boksi. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliibeba tangu ile siku ya dukani. Kisha tukagundua kwamba glovu yake ya kudakia imeshafungwa, wala hakumbuki boksi lipi. Tulipasua gundi sote watatu, Laoban kapiga magoti, anatupa mashuka huku na kanzu kule, hadi tukaipata kwenye boksi la chini kabisa. Jumapili mpira wangu wa kwanza uliingia kwenye glovu ile, ukalia paa! Laoban alipiga kelele kama aliyeuza duka zima.

Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini si hilo tu ninalotaka ushike. Katika mji huu utaishi na watu wa desturi nyingi, na kila mmoja atadhani desturi yake inajulikana na wote. Mtu akinyamaza, usijaze wewe maana ya kimya chake, mwulize. Ukiwa na jibu la kumpa mtu, hata liwe chungu, mpe, usimwache mlangoni. Na ukiwaona wawili wanangojana, nawe unajua kinachowapoteza, sema, hata kama sauti inatetemeka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na haya isiyosema huwafukuza watu wema kimya kimya.

Mungu akulinde katika masomo yako na akuepushe na kiburi cha kungojewa. Akupe ulimi wenye adabu na usio na woga, na wazee wako akuwekee karibu, magoti yao yapate nafuu. Amin, mwanangu.